Mwenda Pole Hujikwaa

Kihumuro, saa nane usiku. Bweni limelala.
Kompyuta yangu ya mkopo inakoroma kama ng'ombe mwenye kikohozi
na ndani yake nimewasha jua dogo la hesabu:
tokamaki, pete ya moto iliyoning'inizwa na sumaku
isiguse ukuta.

Darasa la nne, hapa hapa Mbarara, mwalimu alituandikisha mara hamsini:
mwenda pole hajikwai.
Hakuwahi kuiona plazma.
Humo mwenda pole ndiye anayejikwaa,
kikumbo huku, kikumbo kule,
kama aliyeingia soko la Rwebikoona mkesha wa Krismasi,
na msukumano huo ndio unaomweka mjini.
Lakini elektroni mmoja akivuka kasi fulani
(naijua, nimeikokotoa hadi tarakimu ya sita)
wenzake wanaanza kumkosa.
Anavyozidi kukimbia ndivyo asivyoguswa,
asivyoguswa ndivyo anavyozidi kukimbia,
mpaka anaukaribia mwendo wa nuru,
na hapo haongezi tena mwendo, anaongeza uzito tu.

Nani anamsukuma? Hili ndilo linaloninyima usingizi.
Si wingi. Ni upungufu.
Pete inapopoa ghafla, mkondo unapoporomoka,
ni kule kuporomoka kwenyewe kunakozaa uga wa umeme,
na uga unawaambia walio wepesi: nendeni.

Tulimzika baba Ibanda, Jumatano ya mvua.
Ijumaa ya pili kaka yangu alikuwa Entebe na begi moja la mgongoni.
Bagyenda. Kwa lugha ya kwetu, "wanakwenda";
alipewa kwa ajili ya waliomtangulia kuzaliwa, wasikae.
Mimi nilidhani amevutwa.

Tena mtoro hatoroki peke yake.
Anapita, anamgonga mmoja, kichwa kwa kichwa,
naye anashika mbio; wawili wanazaa wanne.
Mwaka uleule akaondoka Tumwine wa karakana,
kisha binti wa Kenganzi, kisha dada zake wote wawili,
kisha yule kinyozi aliyeapa hafiki hata Masaka.

Kwenye skrini mstari mwekundu ulipanda.
Nikahesabu nane, kumi na sita, nikaacha.
Wakachomoka kwenye pete, mshale mwembamba kama sindano,
na ukuta wa tungsteni, chuma kigumu kuliko ukaidi wetu,
ukalainika mahali pamoja
kama samli.

Saa tisa na robo umeme ukakatika.
Mlinzi akasema "aaa" huko nje, basi.
Betri: asilimia kumi na tisa.

Dokta Katushabe husema: usimvute nyuma, utakatika mkono.
Mpe wa kugongana naye.
Pasua donge la neoni iliyoganda, virushe vipande ndani,
vingi, vidogo, vya baridi, mapema.
Mapema kiasi gani?
Kabla hujaona haja.

Nimechelewa miaka mitatu.
Mara ya mwisho alipiga simu kutoka Sharja:
"Huku, Ankunda, siku nzima inapita hakuna anayenigusa bega."
Alisema kwa fahari. Au nilisikia fahari
kwa sababu ndiyo niliyoitaka, nipate kumkasirikia.

Nikaishika simu gizani, nikaanza kurusha:

Bihogo amezaa, ndama ana doa shingoni.
Bei ya maziwa imeshuka tena.
Lile shati lako la bluu navaa mimi.
Mama kabadilisha bawaba za lango, sasa halilii,
hatujui tena nani ameingia.
Kinyozi amerudi. Ananyoa vibaya kuliko zamani.
Mbu.
Unakumbuka ile mara hamsini? Wewe uliandika thelathini, nikakumalizia.

Ujumbe wa saba, tiki moja.
Wa nane, moja.
Asilimia nne.
Wa tisa nauandika, mfupi zaidi.